Habari za Mtupo wa Wazi na Mtupo Uliobanwa

Kila hesabu ina mtu aliyeihesabu. Jambo hili ni jepesi kulisema na ni zito kulikumbuka, maana tarakimu ikiisha kupigwa chapa hukaa ukurasani kana kwamba imeota yenyewe, mfano wa uyoga baada ya mvua. Wahenga walituonya mapema kwamba vyaelea vimeundwa. Na kama vyombo vya baharini vina mafundi wake, hesabu nazo zina mafundi wake, na ndani yake umo ubao uliotiwa na ubao ulioachwa. Katika insha hii nataka kufuata habari za hesabu moja tu, ndogo kwa sura, iliyo katika mchezo wa mpira wa kikapu huko Marekani: hesabu ya mitupo ya mchezaji aliyeachwa wazi, na ya mitupo ya mchezaji aliyebanwa na mlinzi. Msomaji asiyejali michezo asiufunge ukurasa. Swali lililomo ni la kila mtu atafutaye ukweli wa mambo yaliyopita katika madaftari ya watu wengine: je, jambo lisiloandikwa lilikuwapo au halikuwapo?

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Mtupo ni tendo la mchezaji kuurusha mpira kikapuni ili apate pointi. Mtupo wa wazi ni ule ambao mtupaji hana mtu wa kumzuia karibu naye. Ana nafasi ya kutuliza miguu, kuinua macho na kurusha kwa utaratibu wake. Mtupo uliobanwa ni ule ambao mlinzi yu karibu, mkono wake umeinuka, na mtupaji hana budi kuharakisha au kubadili njia ya mpira. Mtu asichanganye mtupo wa wazi na mtupo wa adhabu, ambao mchezaji hupewa baada ya kuchezewa vibaya, akasimama mbele ya kikapu bila mtu yeyote kuruhusiwa kumkabili. Na neno takwimu tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ina maana ya kunyosha na ya kukadiria thamani. Basi takwimu ya mchezaji si idadi tu, ni thamani aliyokadiriwa. Na asiyehesabiwa hakadiriwi.

Mchezo huu ulibuniwa na James Naismith, mwalimu katika chuo cha chama cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, mwezi wa Desemba 1891. Alitakiwa kupata mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi, usio na ukali wa michezo ya kukumbana. Akatundika vikapu viwili vya kuwekea matunda, akaandika kanuni 13. Kanuni ya tano ilikataza kumpiga mpinzani kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumkwaza na kumpiga. Kanuni hiyo yatupasa kuitazama vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyozaa swali letu. Katika michezo mingine mlinzi aweza kumwangusha mwenye mpira, na alama ya kazi yake ikaonekana chini kwenye majani. Katika mpira wa kikapu mlinzi amekatazwa kugusa. Silaha yake ni ukaribu: husimama mbele, huinua mkono, huziba njia na macho. Akifaulu, aghalabu haachi alama yoyote isipokuwa mpira uliokosa kikapu, na mpira huo waweza kukosa kwa sababu nyingine mia. Kazi yake ni kulifanya jambo lisitokee, na ni vigumu kuhesabu jambo ambalo halikutokea.

Ligi kuu ya mchezo huo iliundwa mwezi wa Juni 1946, na mwaka 1949 ikachukua jina la NBA ambalo yajulikana kwalo hata leo. Madaftari yake ya kwanza yaliandika mitupo iliyojaribiwa na iliyoingia, mitupo ya adhabu, pasi zilizozaa pointi, makosa, na jumla ya pointi. Msimu wa 1950-51 ikaongezwa hesabu ya mipira iliyodakwa baada ya kukosa kikapu. Msimu uliofuata zikaanza kuandikwa dakika za kila mchezaji uwanjani. Baada ya hapo miaka mingi ilipita. Kuzuia mtupo kwa mkono na kumpokonya mpinzani mpira havikuhesabiwa rasmi mpaka msimu wa 1973-74, na kupoteza mpira kukaingia daftarini msimu wa 1977-78. Utaratibu huu una maana. Lililohesabiwa kwanza ni lile lililozaa pointi. Mshambuliaji alipata mwandishi wake tangu siku ya kwanza, naye mlinzi akangoja miaka 27 ndipo kazi yake iliyo dhahiri kuliko zote ikatiwa tarakimu. Ama kazi yake isiyo dhahiri, yaani kumbana mtupaji bila kuugusa mpira, ilingoja miaka mingine 40.

Tazama yaliyompata Bill Russell. Mtu huyu aliichezea timu ya Boston Celtics kuanzia 1956 hata 1969, na katika misimu hiyo 13 timu yake ilitwaa ubingwa mara 11. Wote waliomwona walikubaliana kwamba ubingwa huo ulisimama juu ya ulinzi wake: alizuia mipira, na zaidi ya kuzuia aliwatia watupaji hofu ya kuzuiwa, wakatupa mapema au wakatupa kombo au wakaacha kutupa. Lakini mwanafunzi wa leo akilifungua daftari la ligi akatafuta idadi ya mitupo aliyoizuia Russell, atakuta pengo. Si sufuri, maana sufuri ni hesabu. Ni nafasi tupu. Wilt Chamberlain, mpinzani wake mkubwa, aliondoka katika ligi hiyo mwaka 1973, na msimu uliofuata ndipo hesabu ya kuzuia ikaanza. Walinzi wawili wakubwa wa zama zao walitoka mlangoni, na karani akaingia akiwa na kalamu. Asiyekuwapo na lake halipo, husema Waswahili. Hapa lakini aliyekosekana ni karani, na aliyepoteza chake ni mchezaji.

Twende kwenye usiku mmoja ulio mashuhuri ili tulione pengo hilo kwa karibu. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, Chamberlain alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja dhidi ya New York. Watazamaji 4,124 waliandikwa kuhudhuria. Mchezo huo haukuonyeshwa katika televisheni, na hapana filamu yake. Kilichosalia ni sauti ya redio ya robo ya mwisho, picha chache, na karatasi ya hesabu. Mwandishi wa takwimu wa timu, Harvey Pollack, ndiye aliyeandika tarakimu 100 juu ya kipande cha karatasi akampa Chamberlain akishike apigwe picha. Karatasi ya hesabu yatuambia kwamba alitupa mara 63 na mipira 36 ikaingia, na ya mitupo ya adhabu ikaingia 28 katika 32. Hizo ni hesabu safi. Lakini muulize karatasi hiyo: katika mitupo ile 63, mingapi alibanwa? Walinzi walimkabili mmoja au watatu? Mpira uliokosa ulikosa kwa uchovu wake au kwa mkono wa mtu? Karatasi haijibu. Haikuulizwa wakati ule, na shahidi asiyeulizwa hatoi ushahidi.

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya ni ya washabiki, na kwamba elimu haipungukiwi kitu kwa kukosa habari za mkono wa mlinzi. Yaliyotokea mwaka 1985 yanaonyesha kwamba sivyo. Mwaka huo wataalamu watatu wa elimu ya nafsi, Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky, walitoa makala juu ya imani moja ya washabiki: kwamba mchezaji aliyefunga mara mbili au tatu mfululizo mkono wake umepata moto, na kwa hiyo mtupo wake ufuatao una nafasi kubwa zaidi ya kuingia. Waliwauliza washabiki 100, na katika hao 91 waliamini hivyo. Kisha wakachukua madaftari ya mwandishi wa takwimu wa timu ya Philadelphia 76ers ya michezo 48 ya nyumbani ya msimu wa 1980-81, yaliyoonyesha mfuatano wa mitupo ya kila mchezaji. Wakahesabu, wakaona kwamba kufunga hakukufuatwa na kufunga zaidi ya kawaida. Wakahitimisha kwamba moto ule haupo. Ni jicho la binadamu linaloona mpango mahali palipo na bahati tu.

Makala hiyo ikawa mfano wa kufundishia katika vyuo vingi, na kwa muda wa miaka 30 wanafunzi waliambiwa kwamba wachezaji, makocha na watazamaji wote wamedanganywa na macho yao. Walakini daftari lile la Philadelphia lilikuwa na mfuatano wa mitupo bila kuwa na walinzi. Mchezaji aliyefunga mara tatu hukabiliwa kwa nguvu zaidi mara ya nne. Kocha wa upande wa pili hupiga kelele, mlinzi husogea, wa pili huja kusaidia. Tena mchezaji mwenyewe akijiona ameshika kasi huthubutu kutupa kutoka mbali kuliko kawaida. Ikiwa mtupo wa nne ni mgumu zaidi na bado unaingia kwa kiwango kile kile cha zamani, hapo kuna jambo lililoongezeka na jambo lililoupunguza, na hesabu imeona tofauti ya mwisho tu. Waandishi wale hawakuwa wajinga wa hoja hii. Ndiyo maana walichunguza pia mitupo ya adhabu ya timu ya Boston, na wakawapanga wachezaji 26 wa Chuo Kikuu cha Cornell watupe mahali pasipo na mlinzi. Lakini katika mchezo wenyewe, mahali imani ile ilipozaliwa, hawakuwa na njia. Hesabu waliyoihitaji haikuwapo duniani.

Wakati huohuo watu wa mchezo walijua wasichoweza kuonyesha. Mwezi wa Februari 1909 haukuwa umewajua, wala wa 1959. Lakini mwezi wa Februari 2009 mwandishi Michael Lewis alitangaza katika gazeti la New York Times habari za Shane Battier, mchezaji wa Houston Rockets. Tarakimu za Battier zilikuwa za mtu wa kawaida kabisa: pointi chache, mipira michache, hapana la kushangaza. Lakini viongozi wa timu yake waliona kwamba yeye akiwa uwanjani wenzake huwa bora na wapinzani huwa hafifu. Mojawapo ya siri zake ilikuwa jinsi alivyomkabili Kobe Bryant. Hakujaribu kuuzuia mpira, maana mwenye kuruka kuuzuia huenda akamgusa mtupaji na kumpa mitupo ya adhabu. Aliuweka mkono mbele ya macho ya Bryant, akamfunga uoni wakati wa kutupa. Tendo hilo halikuwa na safu katika daftari lolote la ligi. Bryant alipokosa, iliandikwa kwamba Bryant amekosa.

Ndipo zikaja kamera. Kampuni ya SportVU iliyoanzishwa Israeli mwaka 2005 ilibuni mitambo ya kufuata wachezaji na mpira kwa picha, nayo ikanunuliwa mwaka 2008 na kampuni ya Marekani iitwayo STATS. Timu chache zilianza kuitumia mitambo hiyo, na msimu wa 2013-14 ligi ikaiweka katika viwanja vyote: kamera sita juu ya dari ya kila ukumbi, zikiandika mahali alipo kila mchezaji na ulipo mpira mara 25 kwa kila sekunde. Mchezo una dakika 48. Kwa dakika hizo peke yake hupatikana picha 72,000 za watu 10 na mpira mmoja. Karani hakuwahi kuwa na macho ya namna hiyo. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuuliza juu ya kila mtupo: mlinzi wa karibu zaidi alikuwa umbali gani mpira ulipotoka mkononi?

Ligi ikayagawa majibu katika mafungu manne. Mlinzi akiwa ndani ya futi 2, mtupo umebanwa sana. Akiwa kati ya futi 2 na 4, umebanwa. Akiwa kati ya futi 4 na 6, ni wa wazi. Zaidi ya futi 6, ni wazi kabisa. Mafungu hayo ndiyo aonayo mtu yeyote anayezitafuta takwimu hizi leo, na wengi huyachukua kama yalivyo. Lakini vyaelea vimeundwa. Nani aliyeuweka mpaka katika futi 4? Si maumbile yaliyouweka. Mlinzi aliye umbali wa futi 3 na inchi 11 ameandikwa kuwa amembana mtupaji; aliye futi 4 na inchi 1 ameandikwa kuwa amemwacha; na tofauti kati yao ni inchi mbili. Tena futi ni kipimo cha umbali tu. Hazisemi kama mlinzi yu mbele au nyuma ya mtupaji, kama anakuja mbio au amesimama, kama mkono uko juu au umelegea, kama ni mrefu au mfupi. Mlinzi mrefu anayeruka kuelekea kwa mtupaji kutoka futi 5 humsumbua zaidi kuliko mfupi aliyepitwa, aliyebaki nyuma kwa futi 2. Daftari lawaandika kinyume.

Kana kwamba ligi yenyewe ililiona jambo hilo, mwaka 2016, kuanzia michezo ya mwisho ya kuwania ubingwa, ilianza kutangaza hesabu ya pili iliyokusanywa kwa macho ya binadamu. Humo mlinzi huhesabiwa kuwa amebana mtupo ikiwa amemwendea mtupaji na kuinua mkono kabla mpira haujatoka. Kwa hiyo jina moja likawa na vipimo viwili. Kimoja chapima futi za kamera, kingine chatazama mkono. Mtu akisema mlinzi fulani amebana mitupo mingi, hatujaelewa alichosema mpaka atueleze amechukua kutoka safu ipi. Nasi tufundishao lugha tunalijua jambo hili kwa jina jingine: neno ni lile lile na maana zimeachana. Hatari yake ni kubwa zaidi katika tarakimu kuliko katika maneno, kwa sababu msikilizaji wa neno huweza kushuku, lakini msomaji wa tarakimu huinamisha kichwa.

Walakini hesabu mpya, ijapokuwa na mipaka hiyo, ilileta haki mahali ilipokosekana. Mwaka 2014 vijana watatu wa Harvard, Andrew Bocskocsky, John Ezekowitz na Carolyn Stein, walichukua mitupo zaidi ya 83,000 ya msimu wa 2012-13 iliyofuatwa na kamera, wakarudi kwenye swali la mkono uliopata moto. Safari hii waliweza kuupima ugumu wa kila mtupo, pamoja na umbali wa kikapu na mahali pa mlinzi. Wakaona kwamba mchezaji aliyefunga mfululizo kweli hutupa kutoka mbali zaidi, na kweli hubanwa zaidi. Na walipouondoa ugumu huo katika hesabu, moto ukaonekana: mdogo, wa kati ya 1.2 na 2.4 katika kila 100, lakini upo.

Kisha Joshua Miller na Adam Sanjurjo, katika makala iliyotoka mwaka 2018, wakaonyesha kosa jingine lililojificha katika hesabu ya kwanza yenyewe. Msomaji aweza kulijaribu kwa shilingi. Irushe mara tatu; mifuatano iwezayo kutokea ni minane. Miwili haina kichwa katika mirusho miwili ya kwanza, iache kando. Katika kila mfuatano wa ile sita iliyobaki, tafuta ni sehemu gani ya vichwa hivyo iliyofuatwa na kichwa kingine. Ukichukua wastani wa sehemu hizo sita hutapata nusu, bali 5/12. Maana yake ni kwamba katika mfuatano mfupi, bahati tupu huonekana kana kwamba kufunga kunafuatwa na kukosa. Basi wale waliokuta usawa mwaka 1985 walikuwa wamekuta, bila kujua, dalili ya moto wenyewe. Macho ya washabiki yalikuwa yametia chumvi, lakini hayakuwa yamezua. Kilichopungua kilikuwa daftarini.

Tukishafika hapo, yatupasa kujihadhari na kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba hesabu iliyokuja baadaye imemaliza maneno. Chukua neno wazi. Mwezi wa Mei 2015 timu ya Golden State Warriors ilikuwa nyuma ya Memphis Grizzlies kwa michezo miwili kwa mmoja. Katika mchezo wa nne ikamweka Andrew Bogut, mtu mrefu wa kulinda kikapu, kuwa mlinzi wa Tony Allen, ambaye sifa yake ilikuwa ulinzi na si kutupa kutoka mbali. Bogut hakumfuata. Alikaa karibu na kikapu, akamwacha Allen peke yake kama mgeni aliyesahauliwa barazani. Warriors wakashinda 101 kwa 84, na baadaye wakachukua mashindano yote. Katika daftari, mitupo ya Allen kutoka mbali ni ya wazi. Lakini uwazi ule haukuwa uzembe wa ulinzi, ulikuwa ulinzi wenyewe. Mchezaji mwenye mitupo mingi ya wazi huenda ni mjanja wa kujitafutia nafasi, na huenda ni mtu ambaye wapinzani wamekwisha kumpima wakaona hana madhara. Tarakimu ni moja, hukumu ni mbili.

Wala mtupo wa wazi hauna ahadi. Tarehe 28 Mei 2018 Houston Rockets, timu iliyokuwa imeshinda michezo 65 katika msimu na iliyojengwa juu ya hesabu kuliko nyingine zote za wakati wake, ilicheza nyumbani mchezo wa saba dhidi ya Warriors. Ilitupa mitupo ya pointi tatu 44, ikaingia 7. Na ndani ya hiyo 27 ilikosa mfululizo. Ikafungwa 101 kwa 92. Kuujua ubora wa mtupo kwaeleza nini cha kutazamia katika mitupo elfu. Katika usiku mmoja mpira una shauri lake.

Nasi wa Afrika tuna haki ya kuuliza habari za watu wetu katika madaftari hayo. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa na kufariki mwaka 2024, alicheza katika ligi hiyo tangu 1991 hata 2009, akazuia mitupo 3,289, idadi inayopitwa na ya mtu mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Mara nne alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Hesabu ya kuzuia anayo, kwa kuwa alizaliwa baada ya Russell. Lakini wale waliomwona amesimama chini ya kikapu wakageuza njia, au wakatupa kwa haraka mpira ukaenda upogo, hawamo katika ile 3,289. Alistaafu miaka minne kabla ya kamera kuenea kila ukumbi. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa mwaka 2009 kwa sababu ya sifa ya kuzuia mitupo aliyoipata katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wake wa mwisho huko ulikuwa wa 2013-14, uleule ambao kamera zilikamilika. Kwa watu wa kazi kama hii, mwaka wa kuzaliwa huamua ni kiasi gani cha jasho kitakachoandikwa.

Limebaki jambo la mwenye hesabu. Kwa muda mfupi baada ya 2013 mienendo ya wachezaji iliyonaswa na kamera iliweza kuchukuliwa na mtu yeyote, na wanafunzi wengi walijifunzia humo. Mwanzoni mwa 2016 mlango huo ukafungwa. Kazi ya kamera ilipita mikononi mwa kampuni ya Second Spectrum msimu wa 2017-18, na tangu msimu wa 2023-24 imo katika mitambo ya Hawk-Eye ya Sony, inayofuata hata viungo vya mwili, si mahali pa miguu tu. Kwa hiyo siku ambayo mkono wa mlinzi unapimwa kuliko wakati wowote, watu wa kawaida huonyeshwa jumla, na mwenye picha ni ligi na timu zake. Zamani karani hakuandika. Leo ameandika na kabati limefungwa. Mtafiti wa kesho atakabili pengo la namna mpya, na hatalitambua asipojua kwamba liko.

Anayekwenda kutafuta takwimu za mitupo ya wazi na iliyobanwa, basi, aende na maswali manne kabla ya kunakili tarakimu yoyote: nani alihesabu, kwa kipimo gani, tangu mwaka gani, na nini kiliachwa nje ya daftari. Akikosa jibu la moja, aliandike kosekano hilo kando ya tarakimu yake. Na akikuta nafasi tupu karibu na jina la mtu kama Bill Russell, asiijaze sufuri. Aiache tupu, na aeleze kwamba hapo palikuwa na mkono.